Mke Mwenza wa Umeme

Mgeni akifika nchini kwetu tunamweleza kwanza jambo tunalojivunia kuliko milima na mito yetu: huku hakuna mnunuzi anayelalamika. Si kwamba vitu haviharibiki. Vinaharibika sana, na vingine vinaharibika vikiwa bado juu ya mkokoteni, hata nyumbani havijafika. Ila Serikali yetu sikivu ililitazama neno lenyewe, "malalamiko", ikaona halina adabu, ikalifuta.

Zamani, kabla hatujapata mwanga huu, kila duka lilikuwa na kibao ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Watu wakanung'unika. Mheshimiwa Waziri akaja uwanjani, akafuta jasho kwa leso yenye nembo ya taifa, akasema:

"Ndugu wananchi! Tangu lini mtu akamrudisha mwenzake dukani? Kitu hicho mlikipenda wenyewe. Mlikichagua kati ya vingi. Mkakipeleka nyumbani, mkakionyesha kwa majirani. Hiyo si biashara, ndugu zangu, hiyo ni ndoa! Na ndoa haina malalamiko. Ndoa ina usuluhishi!"

Tulipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi, kwa kuwa wakati huo sikuwa nimenunua kitu chochote.

Ikaundwa Wizara ya Maridhiano ya Mnunuzi na Kinunuliwa. Tangu hapo, anayetaka kurudisha pasi au redio hana budi kutuma mshenga, kukubali kusuluhishwa, na mambo yakishindikana kabisa, kuomba talaka mbele ya Baraza. Mpaka leo haijatolewa hata talaka moja. Waziri anasema hiyo ni ishara kwamba tunapendana mno na vitu vyetu.

Basi, katika hali hiyo ya furaha, nikaingia kwenye ndoa na mashine ya kufulia.

Sababu ilikuwa mikono ya mke wangu, Siwema. Tulijaliwa pacha, Kulwa na Doto, na pacha nao wakajaliwa matumbo yasiyojua kupumzika. Nepi zilifuliwa asubuhi, zikafuliwa mchana, zikafuliwa jua likizama, na zote kwa sabuni ya mche ambayo kiwanda chetu cha taifa huitengeneza kwa uzalendo mwingi na magadi mengi zaidi. Viganja vya Siwema vikapasuka. Vidole vikachubuka kwenye maungio mpaka akawa anashikia kijiko kwa ncha. Ikafika mahali akimpaka Doto mafuta baada ya kuoga, mtoto anajikunja na kulia, maana viganja vya mama yake vilikwaruza kama ganda la fenesi. Siwema akaacha kumpaka. Akawa ananipa mimi chupa ya mafuta, kisha anageuka upande wa pili ili nisimwone uso. Iliniuma sana. Katika nchi nzima, pamoja na neema zake zote, mwanamke huyu alitaka kitu kimoja tu: amshike mwanawe na mwanawe asilie.

Mashine tuliitoa kwa Bwana Shekue, mwenye duka la Raha ya Nyumba. Alifukiza ubani kidogo, akashika mfuniko kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono mwingine, akaniuliza kama sheria inavyotaka:

"Umeikubali kwa sauti yake na mtikisiko wake?"

"Nimeikubali."

"Na siku ikinuna?"

Nilidhani ananitania. Nikacheka, nikasema nimeikubali hata hivyo, na wapagazi wakaibeba.

Majirani walitupokea kwa vigelegele. Tuliiweka kwenye baraza ya uani, karibu na karo, na pacha tukawalaza kwenye mkeka mbele yake. Ilikuwa na dirisha la duara. Siwema alijaza nepi, akachomeka waya, akarudi nyuma. Mashine ikaguna, ikaanza kuzungusha, na nepi zikawa zinapita dirishani, moja baada ya nyingine. Kulwa alitoa macho. Doto, ambaye tangu azaliwe alikuwa anatabasamu tu kidogokidogo, akaangua kicheko chake cha kwanza, kicheko hasa, cha tumbo. Siwema naye akacheka mpaka akakaa chini. Sitaki kudanganya, siku ile nilikuwa mtu mwenye raha.

Kisha mashine ikatikisika, ikatembea yenyewe hadi kwenye nguzo ya baraza, ikasimama. Ikapiga wimbo mtamu wa kutangaza kwamba kazi imekwisha, na mlango wake ukajifunga. Ulijifunga kikweli. Nepi zote za nyumba zikawa mateka, zinatuchungulia kwenye maji meusi. Ilibidi nitafute mpini wa mwiko na mafuta ya kupikia, nikahangaika mpaka mlango ukaachia, na nepi zilipotoka zilikuwa zimepakaa grisi. Zilikuwa chafu kuliko zilivyoingia.

Siwema alizikusanya, akazipeleka karoni, akaanza upya.

Kesho yake nikaenda dukani. Bwana Shekue aliponiona mlangoni alishika kichwa.

"Mkwe wangu! Unakuja mwenyewe, mchana kweupe, kumsema binti yangu mbele ya wateja?"

"Bwana Shekue, mashine inapaka nguo grisi."

"Shusha sauti. Hata kama mna yenu ya chumbani, watu wana taratibu. Tuma mshenga!"

Washenga hawaokotwi ovyo nchini kwetu. Wanatoka Wizarani, na aliyepewa shauri langu aliitwa Bwana Mdoe Kapungu, Mwandamizi Daraja la Pili, mtu nadhifu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likasimama. Juu ya meza yake palikuwa na kofia tatu. Alinisikiliza kwa upole, akavaa ya bluu, akasema sasa yeye ni mshenga wangu, akavuka barabara kwenda kwa Bwana Shekue. Nilimwona kupitia dirisha akinywa soda. Aliporudi alikuwa amevaa ya kijani.

"Mimi natoka upande wa binti," alisema kwa ukali. "Wanasema mmempokea vibaya."

"Lakini wewe si ni mshenga wangu?"

"Mshenga wako ametoka. Una ujumbe kwake?"

Nikasema, mwambie kwamba hatukuipokea vibaya, tuliipigia vigelegele. Akavaa ya bluu, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia maneno yangu ni mazito na atayafikisha. Akavaa ya kijani, akayapokea, akakasirika. "Hili ni tusi!" alisema. Kwa muda mrefu alijibishana hivyo, bluu na kijani, bila kunipa nafasi ya kuingia, mpaka pande zote mbili zikatokwa na jasho. Hatimaye akachukua kofia nyekundu, akaikung'uta vumbi.

"Kwa kuwa mshenga wako na mshenga wao wameshindwa kuelewana, shauri limefika kwangu mimi msuluhishi. Nahamia kwenu leo."

Akahamia. Alikuja na sanduku lililojaa mashati meupe, akapewa chumba cha pacha, na pacha wakahamia kitandani kwetu. Baada ya chakula alituketisha uani mbele ya mashine.

"Mama Kulwa, siku ya kwanza uliisemeshaje?"

"Niliichomeka kwenye umeme, baba."

"Bila hata salamu?"

Siwema alinitazama. Mimi nikatazama mashine.

"Sawa," alisema Bwana Mdoe. "Na Baba Kulwa alipoifurahia, wewe ulijisikiaje?"

"Nilifurahi pia! Nilitaka mikono yangu ipone. Hebu itazame."

Bwana Mdoe hakuitazama. Alikuwa ameshafumba macho, kama daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa.

"Mimi nimesuluhisha feni, mama. Nimesuluhisha majiko, pampu za maji na gari moja la maiti. Wivu nikiuona naujua. Hapa mbele yetu pana mke mkubwa na mke mdogo. Mdogo ni mgeni, ana wimbo wake, watoto wanampenda. Mkubwa ameumia. Ni jambo la kawaida, na Serikali haikulaumu."

"Mimi nina mke mwenza wa kuchomeka ukutani?" aliuliza Siwema.

"Umeona? Ndiyo hiyo sauti yenyewe."

Akatoa maelekezo. Kwa kuwa nimeipuuza mashine, kila alasiri nikae nayo kwa uadilifu, niizoee na yenyewe inizoee. Nilitii, mimi ni raia mtiifu. Niliwekewa kiti na kikombe cha chai, nikawa nakaa na mashine, naye Siwema anafua nepi pale karoni. Tulikuwa tunaongea, yeye na mimi, juu ya jinsi nchi hii inavyochosha. Nilimwonea uchungu mno. Mara kadhaa chai ilinipoa mkononi.

Sasa nije kwenye kosa, maana kosa tulilifanya, na nadhani ni sisi tu watu wa nchi hii tungeweza kulifanya.

Bwana Mdoe alisema usuluhishi unataka uaminifu, kwa hiyo yeye mwenyewe ataikabidhi mashine mashati yake. Nilifurahi kimoyomoyo. Nikasema, aha, sasa atajionea. Akaingiza mashati, akabofya kwa kidole kimoja, akaenda kulala usingizi wake wa mchana. Mashine ikaguna, ikatembea, ikaimba, ikajifunga. Nikaifungua kwa mpini wa mwiko. Mashati yalikuwa na mabaka meusi mgongoni na kifuani. Nilikuwa sijaona grisi nzuri kama ile.

"Tumeshinda," nilimwambia Siwema. "Yaache hivyohivyo. Akiamka ayakute."

Siwema aliyainua mashati, akayatandaza mbele ya macho yake, akaguna.

"Mgeni atoke mlangoni kwangu na shati kama la fundi gereji?"

"Ndiyo! Hilo doa ndilo shahidi wetu."

"Apite nalo mtaa mzima? Watu watasema nini?"

"Watasema mashine ni mbovu."

"Watasema mimi ni mchafu. Wewe huwajui watu, Baba Kulwa. Hakuna atakayeuliza habari za mashine."

Nikamsihi. Nikamwambia akifua shati lile anafua kesi yetu. Alinielewa kabisa, niliona hilo usoni mwake, na bado akachota maji. Hakulelewa kwenye nyumba inayomtoa mgeni na doa, na hata Serikali yenyewe haikuweza kumwondolea malezi hayo. Alifua kwa sabuni ya mche, akasuuza, akakamua huku anauma meno, akaanika. Bwana Mdoe alipoamka akakuta mashati yanang'aa kambani, mashine imetulia, nami nimekaa kando yake na chai yangu.

"Naona ndoa inaimarika," alisema.

Ikawa hivyo kila siku aliyokaa kwetu. Mgeni anachafuliwa na mashine, anasafishwa na mke wangu, anaisifu mashine. Mchana mmoja nilimkuta Siwema amekaa karoni, viganja amevielekeza juu kama anaomba dua, damu inachuruzika kwenye mpasuko wa kidole gumba. Doto alikuwa analia ndani na yeye hakuinuka kwenda kumchukua. "Nenda wewe," aliniambia. "Kwako ananyamaza."

Basi tukaomba talaka, na siku ya Baraza tulivaa vizuri. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Ngwalu, mwanamume mwenye sauti ya kufungulia mikutano, na wajumbe wake walikaa kulia na kushoto wakijipepea. Bwana Mdoe alisimama, akavua koti, akageuka polepole ili wote wamwone.

"Waheshimiwa, shati hili limefuliwa katika nyumba inayodai talaka."

Ukumbi ukaguna kwa mshangao. Mjumbe mmoja aliomba ruhusa ya kugusa kola.

"Ni jeupe," alisema.

"Ni jeupe mno," alisema mwingine.

"Nimefua mimi!" Siwema alisimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele za watu. "Nimefua mimi kwa mikono hii, kila shati, na kila moja lilitoka kwenye mashine lina grisi. Nilimwonea aibu mgeni. Itazameni basi, jamani, itazameni mara moja tu!"

Akanyoosha mikono. Walitazama, hilo nitawapa haki yao. Mheshimiwa Ngwalu alivaa hata miwani. Nikahisi machozi yananijia, nikajua sasa tumeeleweka. Wakanong'onezana kwa muda. Kisha Mwenyekiti akakohoa, akasoma uamuzi kwa sauti ya kufungulia daraja:

"Baraza limeridhika kwamba nguo ziliingia chafu zikatoka safi. Baraza limeridhika pia kwamba mashine isingefanikisha kazi hiyo bila mikono iliyoonyeshwa hapa. Kwa hiyo mikono hiyo ni sehemu ya mashine. Hata hivyo Baraza limesikitika kuona sehemu hiyo imechakaa. Mwenye mali anakumbushwa kwamba waranti haihusu spea zilizochakaa kwa matumizi. Talaka imekataliwa. Nyumba hii, kwa weupe huu, inatangazwa kuwa Nyumba ya Mfano."

Makofi yakapigwa. Bwana Shekue alikuja kunikumbatia, akaniita mkwe.

Mtu anaweza kudhani kuwa mambo yaliishia hapo. Lakini Nyumba ya Mfano ina wajibu wake. Wiki ya Mnunuzi Aliyeridhika ilikuwa inakaribia, na wajumbe wote wa Baraza walitaka kung'aa jukwaani. Mafurushi yakaanza kuingia kwetu: kanzu, suti nyeupe za kiserikali, joho la Mwenyekiti lenye nakshi ya dhahabu. Yalijaa uani hadi pacha wakakosa mahali pa kutambaa. Bwana Mdoe alileta sanduku lake zima.

Nilimwona Siwema amesimama mbele ya rundo lile. Nilimngoja achote maji. Badala yake alikwenda kwenye mashine, akafungua mlango, akaanza kushindilia. Alishindilia kanzu, akashindilia suti, joho akalisukuma kwa goti. Akabofya. Halafu akaketi mkekani na watoto, akawa anatazama kwenye dirisha la duara na kutulia, kama mtu aliyekwenda sinema. Mashine ikaguna, ikaimba, ikajifunga. Nikachukua mpini wa mwiko.

"Uweke hapo," alisema. Nikauweka.

Asubuhi ya sherehe walifika wote pamoja wakiwa na vikoi na fulana za ndani, wamejificha kwenye gari lenye mapazia. Mheshimiwa Ngwalu aliomba joho lake.

"Limo humo kwa mke mdogo," alijibu Siwema kwa upole. "Amejifungia nalo. Mimi siwezi kuingilia ndoa ya watu, Mheshimiwa. Labda mtume mshenga."

Bwana Mdoe akapapasa pindo la kikoi chake kutafuta kofia ya bluu. Mwenyekiti akamzuia kwa mkono. Jukwaani muziki ulikuwa umeshaanza, tuliusikia kutoka uani. Basi pale pale, wamesimama kwa vikoi kati ya kamba za nepi, wajumbe wakafanya kikao. Hapakuwa na mshenga wala usuluhishi. Talaka ya kwanza katika historia ya nchi yetu ilitolewa kabla chai yangu haijapoa, na mlango ukavunjwa kwa nyundo ya dereva. Nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata maishani. Miezi yote ile, kofia zote zile, kumbe talaka ni jambo la nyundo moja!

Nguo zikatoka. Sitaeleza zilikuwa na hali gani. Joho lilikuwa linadondosha.

"Mama," alisema Mheshimiwa Ngwalu, na sauti yake yote ya madaraja ilikuwa imekwisha, "tafadhali. Tusuuzie haraka."

"Ningesuuza, Mheshimiwa." Siwema alionyesha viganja vyake. "Lakini hizi spea zimechakaa, Baraza lenyewe limesema. Na waranti hazina."

Akainama, akamchukua Doto, akamlaza kifuani, akimshikilia kwa viwiko tu ili viganja visimguse.

Mwenyekiti akamtazama Bwana Mdoe. Bwana Mdoe akawatazama wajumbe. Wajumbe wakatazama kamba za nepi. Palikuwa na maji, palikuwa na sabuni, jua lilikuwa kali la kukausha, na wanaume wazima uani kote walikuwa wanaulizana kwa macho mikono itapatikana wapi. Nami, kwa kuwa napenda kusaidia Serikali, nikajiunga kutafuta. Nilitazama mlangoni. Nilitazama juu ya ukuta kwa jirani. Nilipogeuka nikamkuta Siwema ananitazama mimi, na si usoni. Alikuwa anatazama chini kidogo, kwenye kikombe, na kwenye vidole vilivyokishika.

"Baba Kulwa," alisema, "na hiyo mikono ni ya nani?"

Nikaweka kikombe chini. Kutoka kwenye kiti changu hadi karoni hapakuwa mbali hata kidogo.